Risasi Tuliyoyeyusha Ndani ya Nyumba

Glasgow, Montana
6 Oktoba 1991

Shangazi Oleta mpendwa,

Pokea salamu zetu sote watatu. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu Karlene anasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, na najua simu huisikii tena tangu masikio yako yaliposhindwa na milio ya bunduki. Sisi ni wazima. Tessa ametimiza mwaka na miezi miwili. Wiki iliyopita alitembea hatua nne, kisha akakaa kitako kama mzee aliyechoshwa na mkutano. Karlene bado anapika pale shuleni, na Jumamosi anaosha vyombo mkahawani. Mimi niko na greda langu la kaunti, nikisubiri theluji kama mchimba kaburi anavyosubiri wateja. Binamu Orrin hajambo? Mwambie kofia aliyonipa siku ya msiba ninaivaa.

Nikuambie sasa kilichonishikisha kalamu. Tangu tumzike Baba mwezi wa Aprili sikuwa nimefungua sanduku la bunduki yake. Juzi nimelifungua. Ni ile ndefu, ya kupakia risasi moja moja, ambayo babu yake aliwindia nyati. Vichwa vya risasi vya kuitosha havipatikani madukani, na vikipatikana vinapwaya ndani ya mtutu. Nikakumbuka Baba alivyokuwa akijigamba, "Bunduki hii haijawahi kula chakula cha dukani. Imelishwa na dada yangu."

Basi nataka kujifunza kusubu vichwa mwenyewe, kuyeyusha na kumimina, hapa nyumbani. Nimepata katalogi na imenivuruga. Kuna chungu cha chuma cha kuweka juu ya jiko, unachota madini ya risasi yaliyoyeyuka kwa upawa. Kuna chungu cha umeme chenye mlizamu chini, unainua mkono wake risasi inatiririka yenyewe ndani ya kalibu ya kuumbia kichwa. Kalibu nazo ni za chuma na za alumini, za tundu moja, mbili, mpaka sita. Sijui nishike lipi niache lipi. Wewe ndiye fundi wa ukoo huu. Nielekeze.

Mwana wa kaka yako,
Merritt


Salmon, Idaho
20 Oktoba 1991

Mwanangu Merritt,

Barua yako imefika Ijumaa. Orrin ndiye aliyeitoa kwenye sanduku la barabarani, akaileta kwa mikono miwili kama aliyebeba yai. Ameitambua herufi M. Miaka thelathini na minane, na M bado inamfurahisha. Yeye hajambo, anabeba magunia ya chakula cha mifugo pale dukani, na mwenye duka anampenda. Bado anaanguka kifafa mara mojamoja, lakini si kama zamani. Mimi goti linanisumbua. Mbali na hilo nipo, kuku wapo, na kulungu wameshuka mpaka kwenye kabichi zangu. Mbusu Tessa utosini kwa niaba yangu.

Umeniita fundi. Ni miaka thelathini na mitano sijaitwa hivyo, na nimecheka peke yangu jikoni mpaka Orrin akaniuliza nina nini.

Sikiliza. Achana na chungu cha umeme kwanza. Ni kizuri, lakini mlizamu wake hudondosha kama pua ya mtoto mwenye mafua, na anayejifunza akihangaika na mlizamu hataitazama risasi yenyewe. Chukua chungu cha chuma kizito, chenye kitako kipana kisichoyumba, cha kutosha ratili kumi. Chukua na upawa wenye mdomo mwembamba. Upawa utakufundisha uzito wa kitu unachokimimina. Kalibu ya alumini hupata moto upesi na husamehe makosa, ila mkono mzito huikwaruza, na wewe una mkono wa baba yako Floyd. Nunua ya chuma, tundu moja. Itunze kwa mafuta isishike kutu. Kabla ya kumimina ilaze ukingoni mwa chungu ipate joto, maana risasi ikikuta kalibu baridi hujikunja kama uso wa bibi kizee.

Risasi usinunue. Nenda kwa wale wanaobadilisha matairi uwaombe vile vipande vya kusawazishia magurudumu. Changanya na bati kidogo, ile ya kulehemu, vichwa vijae vizuri kwenye pembe. Kipimajoto usikidharau. Vaa glavu za ngozi mpaka kwenye kiwiko, na tone la maji lisikaribie chungu, kwa sababu risasi itaruka na kukufuata usoni. Ukimimina, hesabu mpaka saba kabla hujafungua. Kichwa kizuri hutoka chenyewe, kinang'aa, na kikidondoka kwenye kitambaa hakipigi kelele. Utakapokipata cha kwanza namna hiyo utaelewa kwa nini watu hukesha na kazi hii.

Yale mavi ya risasi, uchafu wa kijivu unaoelea juu, yakusanye kwenye kopo lenye mfuniko. Na kazi hiyo ifanyie nje ya nyumba. Moshi wake haupendezi.

Nimejaza kurasa nne. Tazama ulivyonifanya.

Shangazi yako,
Oleta


Glasgow, Montana
24 Novemba 1991

Shangazi,

Nakuamkia kutoka kwenye baridi ambayo hata mbwa wanaiomba radhi. Nyuzi thelathini chini ya sifuri tangu Jumanne. Tumekula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani mapema kwa sababu mama yake Karlene alikuwa anapita. Tessa sasa anakimbia. Hakuna kitu ndani ya nyumba ambacho hajakionja.

Usinipige. Nimenunua chungu cha umeme. Kilikuwa na punguzo, na mimi ni dhaifu. Kweli kinadondosha kama ulivyosema. Kalibu nimekusikiliza, ni ya chuma, tundu moja. Vipande vya magurudumu nimepewa ndoo mbili bure na jamaa wa matairi, akaniambia, "Beba, mgongo ni wako."

Vichwa vya kwanza vilikuwa na makunyanzi, kama ulivyotabiri. Karlene alivitazama akasema, "Hivi unampiga navyo kulungu au unamwonyesha acheke mpaka afe?" Lakini Jumamosi iliyopita nilipata kumi na moja visivyo na doa. Nimeviweka dirishani mstari mmoja navitazama tu. Sasa vipya vinatoka na barafu juu, si barafu hasa, weupe kama ukungu. Nimekosea wapi hapo?

Halafu kuna jambo. Baba aliwahi kusema kwamba ulikuwa ukisubu kwenye jiko la kupikia, watu wakija kutoka bonde zima, kisha ukaacha ghafla. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Alisema mikono imechoka, na dada yangu hajawahi kuchoka mikono." Kwa nini uliacha?

Merritt


Salmon, Idaho
3 Februari 1992

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Krismasi imepita na sikukutumia hata kadi. Goti, theluji, mafua ya Orrin. Desemba nilikuandikia barua nikaitia jikoni pamoja na kuni, haikuwa nzuri.

Vichwa vikiwa na ukungu, moto umezidi. Punguza. Vikiwa na makunyanzi, moto haujatosha.

Kuhusu kuacha, mambo yalikuwa mengi. Mume wangu Lyle alikuwa msituni anakata miti wiki nzima, mtoto mdogo, nyumba. Mtu huacha vitu.

Hukuniambia unafanyia wapi kazi hiyo. Niandikie hilo.

Oleta


Glasgow, Montana
12 Machi 1992

Shangazi Oleta,

Natumaini goti linapata nafuu. Huku theluji imeanza kulainika mchana na kuganda tena jioni, kwa hiyo greda halilali.

Karlene na Tessa wako kwa mama yake kule Miles City. Wamekwenda kupumzika kidogo. Tessa tumbo lilimsumbua majira haya ya baridi na alikuwa hali chakula vizuri, mwenye kulialia. Nafikiri ni meno.

Kusubu nimepumzika kwa sasa. Sina mengi.

Merritt


Salmon, Idaho
17 Machi 1992

Merritt,

Sikusalimii, utanisamehe. Mpeleke mtoto akapimwe damu leo, usingoje kesho. Mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba mnayeyusha risasi nyumbani. Useme risasi. Usiseme rangi ya dirisha.

Halafu uniandikie.

Oleta


Glasgow, Montana
25 Machi 1992

Shangazi,

Salamu zimenikauka, lakini nakusalimu.

Alishapimwa. Alipimwa tangu Februari, na nilipokuandikia habari za meno nilikuwa ninajua. Daktari amesema risasi katika damu haipaswi kufika kumi. Ya Tessa ni thelathini na nane.

Nilifanyia chini ya nyumba, kwenye chumba cha kufulia, kando ya mashine. Nilikuwa nimesoma mstari wako wa kufanyia nje. Nilidhani unazungumzia harufu. Kule nje mate yanaganda kabla hayajafika chini, na karakana yetu haina hata jiko la kuota moto. Nilifungua kidirisha nikajiona nimekusikia.

Mwezi wa Desemba Karlene alilalamika kwamba nguo zinanuka, nikamwambia nimehamia karakana. Sikuhama. Jumamosi akienda mkahawani mimi ndiye niliyekuwa nakaa na mtoto. Nilimweka juu ya lundo la nguo ambapo ningemwona. Kopo la uchafu lilikuwa na mfuniko, kama ulivyoagiza. Alipenda kulitikisa, linalia kama njuga. Siku moja nilikuta mfuniko umetoka, na vidole na mikono yake ni ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Nilimwosha. Nilimwosha vizuri sana, nikambadilisha nguo kabla mama yake hajarudi. Mtu haoshi mtoto namna ile kama hajui kitu, Shangazi. Nilijua nusu, nusu nyingine sikutaka.

Muuguzi alipopiga simu kutoa majibu ya damu nilikuwa barabarani. Niliporudi Karlene alikuwa amesimama kule chini mbele ya chungu.

Akasema, "Ulisema umehamia karakana."

Nikasema, "Nilihama."

"Lini?"

"Nilikuwa nahama."

Hakupiga kelele. Alipanda juu akafungasha. Mlangoni akaniambia, "Ungekuwa umelewa ningejua la kuwaambia watu." Akaondoka.

Mama yake ananijibu simu kwa neno moja moja. Kazini nimesema mke amekwenda kusalimia. Kanisani siendi, kwa sababu yule muuguzi huketi safu ya mbele yetu.

Lakini nijibu. Mimi sikukuambia neno la damu wala la daktari. Umejuaje? Na hiyo rangi ya dirisha ni ya nani?

Merritt


Salmon, Idaho
8 Aprili 1992

Merritt mwanangu,

Leo Orrin yuko kazini mpaka jioni. Nimefunga mlango kana kwamba kuna mtu wa kuniona naandika.

Rangi ya dirisha ni yangu.

Mwaka 1956 nilikuwa na miaka ishirini na saba. Lyle alikuwa akishinda kambini kwa wakata miti kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, na mimi nilikuwa hapa na mtoto wa miaka mitatu. Nilianza kusubu kwa ajili ya Floyd, wakaja wenzake, wakaja hata wasiomfahamu. Wanaume ambao kanisani walinipita kama nguzo walikuwa wakibisha mlango wa nyuma wamebeba mabomba makuukuu ya risasi, kofia mkononi, "Bi Haskins, ukipata nafasi." Sijui kama utaelewa nilivyopenda. Nilikuwa nayeyushia kwenye jiko lile lile nililookea mkate. Nikimaliza nafagia, napanga sahani.

Orrin alikaa chini ya meza. Vichwa vilivyoharibika nilimpa achezee, kwa kuwa vilikuwa vinang'aa. Alivipanga kama askari. Alivitia mdomoni. Nilimwona akivitia mdomoni, Merritt, nikacheka, nikamwambia, "Havijaiva hivyo."

Alianza kukataa chakula. Akawa anajikunja tumbo. Maneno aliyokuwa nayo yakapungua, akaacha kusema "maziwa," akawa ananyoosha kidole. Mwezi wa Machi akaanguka jikoni akatetemeka mpaka midomo ikawa bluu. Lyle aliitwa kutoka kambini tukampeleka hospitali ya Missoula. Daktari alimfungua mdomo, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akaniita mimi nitazame. Kwenye ufizi kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya wino, kama umechorwa.

Akaniuliza, "Mama, nyumbani kwenu kuna risasi?"

Nilijua palepale. Nikasema, "Rangi ya dirisha ni ya zamani, ile yenye risasi. Nadhani amekuwa akiitafuna."

Akaandika. Akaniambia nikwangue dirisha, akaniambia mtoto ataishi, ila yaliyoharibika kichwani hayatarudi.

Lyle alikuwa kwenye korido na buti zake za msituni, ameogopa kuingia asije akachafua sakafu. Akaniuliza, "Kasemaje?" Hata rangi ya dirisha sikuweza kumwambia, maana rangi angeikwangua, halafu angeendelea kufikiri. Nikamwambia, "Kasema ni kifafa. Kasema kinatembea ndani ya damu ya ukoo."

Lyle alikuwa na mjomba aliyekuwa na kifafa, kaka wa mama yake. Alikaa kwenye benchi akatazama mikono yake. Akasema, "Basi kimetoka kwangu."

Neno la kumjibu lilikuwa fupi. Sikulitoa.

Tulipofika nyumbani nilikitupa chungu mtoni pamoja na kalibu zangu zote tano, nikamwambia Floyd mikono imechoka. Lyle hakutaka tena mtoto mwingine. Alisema hatamfanyia hivyo kiumbe wa pili. Nilitaka mabinti wawili, nikakubali kukosa, nikadhani kukosa huko ndiko adhabu yangu, kwamba nimelipa. Mti ulimwangukia mwaka 1971. Alizikwa akiamini kimetoka kwake.

Na mama yake, Ada, alikuja hapa wiki ile ya Missoula, kwa miguu, maili tatu, na kapu la mayai. Alisimama mlangoni akaniomba msamaha. Mama mkwe wangu aliniomba mimi msamaha kwa ajili ya damu yake. Nikampokea mayai. Nikamwambia, "Haidhuru, Mama." Yupo mpaka leo, ana miaka tisini na mmoja, yuko nyumba ya wazee hapa mjini. Orrin huenda kumwona kila Jumapili. Mimi humshusha na kumsubiri ndani ya gari.

Sasa likuhusulo wewe. Oktoba uliponiandikia nilijua kuna mtoto ndani ya nyumba ile. Uliandika umri wake, hatua nne, nikausoma. Ukaniita fundi. Nikakuandikia kurasa nne za vyungu na kalibu, na kuhusu nyumba nikakuandikia sentensi moja, nikaficha sababu yake, kwa kuwa sababu yake ni mimi. Uliponiuliza Novemba kwa nini niliacha, niliandika kila kitu nilichoandika leo, kisha nikakitia motoni. Miezi miwili nikakaa kimya huku mtoto wako anakula kile nilichokuwa nimekijua. Hilo si la 1956. Hilo nimelifanya nikiwa mzee mwenye akili zangu.

Siombi kitu.

Oleta


Glasgow, Montana
30 Aprili 1992

Shangazi,

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka ndani ya greda. Nimezunguka nayo siku tisa.

Karlene amerudi tarehe kumi na nane. Ameweka masharti na nimeyakubali yote. Kabla hajaja nilikuwa nimetoa kila kitu, chungu, kalibu, ndoo, nikavipeleka kunakokusanywa taka za sumu. Chumba nimekisugua mara nne kwa sabuni na tambara la maji, ngazi pia. Vile vichwa kumi na moja vya dirishani ndivyo nilivyochelewa kuvitoa, na hilo nalo sijamwambia mtu ila wewe. Bunduki ya Baba nimeifunga kwenye sanduku lake.

Damu ya Tessa imeshuka mpaka ishirini na tisa. Daktari anasema inashuka vizuri. Nilimuuliza kama atakuwa sawa, akasema tutajua akianza shule. Miaka minne, basi, ya kumsikiliza kila neno analolitamka, nikihesabu. Sasa hivi ana maneno tisa.

Nilimpa Karlene barua yako. Aliisoma amesimama, akairudisha, akasema, "Huyu alijua." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na wewe ulijua." Nikasema ndiyo. Akaenda kumlisha mtoto.

Nimekasirika nawe, Shangazi. Mistari miwili ingetosha mwezi wa Oktoba, 'Nilimlisha mwanangu sumu kwa kazi hii, usiifanye karibu na wako.' Ningetupa katalogi ile siku ileile. Nasema hivyo, kisha nakumbuka vile vidole vya kijivu, na kwamba mimi sikuhitaji barua ya mtu kuviona. Kwa hiyo hasira yangu haina pa kusimama. Lakini ipo.

Swali langu ni moja. Orrin anajua? Kama hajui, usiniandikie tena mpaka umwambie. Mimi Tessa akikua nitalazimika kukaa naye mezani nimweleze, na sitaki kuwa nimejifunza kwako kwamba inawezekana kukwepa.

Merritt


Salmon, Idaho
1 Juni 1992

Merritt mwanangu,

Natumaini barua hii inawakuta wote watatu chini ya paa moja. Huku mto umejaa, na mahindi ya bustani yameota.

Nimemwambia.

Ilinichukua wiki tatu. Kila siku nilikuwa na sababu. Jumatano iliyopita alirudi mchana kula, nikampakulia maharage na mkate wa mahindi, na alipoanza kula nikaanza kusema. Nilimwambia polepole, kwa maneno mepesi. Kwamba alizaliwa na kichwa kizuri. Kwamba mimi nilikuwa nayeyusha risasi pale kwenye jiko, na risasi ni sumu, ikamwingia, na kuanguka kwake kumetokana na hiyo. Kwamba nilijua tangu zamani, nikawaambia watu ni damu ya baba yake.

Aliendelea kutafuna. Nilidhani hajaelewa, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akaweka kijiko. Akasema, "Kwa hiyo si Baba."

"Si Baba."

"Baba alikuwa ananiambia pole. Nikiamka chini, nikishaanguka, yuko pale, ananiambia, 'Pole, mwanangu, ni mimi.' Kila mara." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa unasikia?"

Nikasema, "Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa umesimama pale." Akanionyesha mahali, karibu na sinki. Ni pale kweli.

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. Akasema, "Bibi anajua?"

Nikamwambia hajui.

Akachukua kofia yake. "Twende."

Nikamwambia leo si Jumapili, na kwamba wanamsubiri dukani. Orrin hajawahi kukosa kazi, hata siku ya theluji ya kufika kiunoni. Akasema, "Magunia hayaendi popote. Twende, Mama."

Tulipofika nilisimamisha gari mahali pangu pa kila Jumapili, nikazima. Akafungua mlango wake, akazunguka, akafungua na wangu.

Ada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amefunikwa magoti. Macho yake bado makali kuliko yangu. Alimfurahia Orrin, kisha akaniona mimi nyuma yake, akashangaa, maana sijaingia chumba kile tangu alipohamia, na ni miaka sita. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Orrin hakuningoja. Alipiga magoti mbele ya kile kiti, akamshika mikono, akasema kwa sauti, kwa sababu anajua wazee husikia kwa shida, "Bibi, si wewe."

"Si mimi nini, mpenzi?"

"Kuanguka kwangu. Si damu yako. Si Mjomba. Si Baba. Ni risasi. Mama alikuwa anayeyusha, mimi nikala. Alijua. Hakusema." Akafikiri kama kuna kilichobaki. "Si wewe."

Ada alinitazama. Nilisema, "Ni kweli, Mama." Hayo ndiyo maneno yangu yote, Merritt. Mengine yote niliyoyapanga yalikuwa ya kujitetea, niliyaona yalivyo nikayaacha.

Hakuiachia mikono ya Orrin. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kaka yangu tulimficha ghalani wageni wakija, nikamwona anaonewa. Orrin alipoanza nikasema Mungu ananilipiza. Nimesali hivyo kila siku, Oleta. Kila siku moja." "Toka nje sasa. Nataka kukaa na mjukuu wangu."

Nikatoka. Kuna benchi kwenye korido, nikakaa. Wauguzi walipita wakanisalimia na nadhani walinihurumia, walidhani nimefiwa. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Orrin anasema, na Ada anauliza, na Orrin anasema tena, na mara moja wote wawili wakacheka, sijui kwa nini. Saa nzima ilipita. Sikuwa na pa kwenda wala sikustahili kwenda.

Orrin alipotoka alikuwa amevua kofia, nywele zimechanwa upande. Ada alikuwa amemchana.

Nikasimama. Nikamuuliza, "Naweza kuingia?"

Akasema, "Bibi amesema uje kesho." Nikachukua mkoba wangu nikauliza tena, sijui nilikuwa natafuta nini, "Leo je, kidogo tu?"

"Leo hapana," akasema, akanipita kwenda kwenye gari.

Shangazi yako,
Oleta